Haut-Katanga: kipima mwendo cha 4x4 kikidanganya, shofa ndiye anayelipa

Kwenye barabara kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, magari ya 4x4 ya kampuni za madini, ya mashirika na ya wafanyabiashara hupita usiku na mchana. Mengi kati ya magari hayo hayavai tena mipira ya ukubwa ule yaliotoka nao kiwandani. Mwenye gari huweka mipira mikubwa ili gari lipande juu na kupita kwenye matope ya musimu wa mvua, lakini mara nyingi hakuna anayekumbuka kusahihisha kipima mwendo, kile ambacho mashofa huita kontere. Hapo sindano inaweza kuonyesha 80 huku gari likikimbia karibu 86, na kitabu cha gari kinaandika kilomita pungufu kuliko zile zilizotembewa.

Kosa hilo linaonekana dogo, lakini linamfikia shofa kwa njia tatu: katika usalama wake na wa watu aliowabeba, katika barua za onyo kutoka kazini, na katika hesabu ya mafuta, ambako anaweza kuitwa mwizi bila kuiba hata litre moja. Sehemu kubwa ya kazi ya kulisahihisha ni kupima, na kupima hakuhitaji fedha nyingi.

Mpira ukibadilika, hesabu inaharibika

Kipima mwendo hakioni barabara. Kinahesabu mizunguko ya chuma kinachozunguka chini ya gari, kisha kinaigeuza kuwa kilomita kwa kufuata ukubwa wa mpira ambao kiwanda kiliukusudia. Mpira ukibadilishwa, chenyewe kinaendelea kuhesabu kama zamani.

Chukua mfano wa gari lililotengenezewa mpira wa 265/70R16. Namba ya kwanza ni upana wa mpira kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, kikiwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25,4. Ukifanya hesabu, mpira huo una kipenyo cha milimita 777. Mwenye gari akiutoa na kuweka 285/75R16, kipenyo kinafika milimita 834. Mpira wa kwanza ukizunguka mara moja unatembea mita 2,44, na wa pili mita 2,62. Tofauti ni asilimia 7 na kidogo.

Hesabu hiyo ni ya karatasi, kwa sababu mpira uliobeba gari hubonyea kidogo chini na hutembea pungufu ya hapo. Lakini mipira yote miwili hubonyea, kwa hiyo uwiano kati yao haubadiliki sana. Sindano ikiwa ilikuwa inasema kweli kabisa kwa mpira wa zamani, basi kwa mpira mpya 80 yake ni karibu 86 za kweli, na 100 yake ni 107.

Si kila badiliko lina uzito huo. Mpira wa kazi wa 7.50R16, unaojulikana sana kwenye Land Cruiser za mizigo, una kipenyo cha karibu milimita 800. Anayeuweka mahali pa 265/70R16 anaongeza asilimia 3 hivi. Kinyume chake pia kinatokea: mpira uliochakaa ukipoteza milimita 10 za meno yake, kipenyo kinapungua milimita 20, na sindano inaanza kuonyesha mwendo mkubwa kuliko ule wa kweli kwa asilimia 2 au zaidi.

Chanzo kingine kimefichika zaidi, nacho ni difu, ambayo wengi huita ponti. Gari likiharibika, fundi anaweza kutafuta difu iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari lingine la aina ileile. Kwa macho zinafanana, lakini ndani meno hayalingani. Difu ya uwiano wa 4,10 ikibadilishwa na ya 4,30, shafti inayoizungusha inalazimika kuzunguka karibu asilimia 5 zaidi kwa njia ileile. Kipima mwendo kinachohesabu mizunguko ya upande wa shafti hiyo kitaonyesha mwendo na kilomita zaidi ya ukweli.

Kuna pia magari yaliyonunuliwa kutoka Marekani au Uingereza, ambayo tablo yake inahesabu kwa maili. Maili moja ni kilomita 1,609. Shofa anayesoma 60 kwenye tablo hiyo anakimbia kilomita 96 na nusu kwa saa.

Mwendo, breki na setilaiti

Viwanda vinajua kwamba sindano haiwezi kuwa sahihi kabisa, ndiyo maana kuna kipimo cha kosa kinachokubaliwa. Kanuni nambari 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vipima mwendo, ambayo nchi nyingi zinaifuata, inasema sindano isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Inaweza kuonyesha mwendo mkubwa zaidi, lakini isipite sehemu moja ya kumi ya mwendo wa kweli, ukiongeza kilomita 4. Gari linalokimbia kweli 80 linaweza kuonyesha 80 hadi 92, lakini si 79. Mkataba wa Vienna wa mwaka wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani nao unadai kipima mwendo kwenye kila gari linaloweza kupita kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare.

Mpira mkubwa unavunja kanuni hiyo kwa upande ulio mbaya zaidi: shofa anadhani anakwenda polepole. Nguvu ambayo breki inapaswa kuizima haiongezeki sawa na mwendo, huongezeka kwa mwendo mara mwendo. Asilimia 7 ya mwendo inakuwa asilimia 15 ya nguvu. Kwa pick-up iliyobeba watu na mizigo, ikishuka kilima ambako malori ya shaba yamesimama kandokando ya barabara, hizo ni mita ambazo shofa hakuzihesabu.

Kisha kuna kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti. Kampuni nyingi za madini na mashirika ya kibinadamu hufunga kifaa hicho ndani ya magari yao. Hakiulizi sindano inasema nini. Kinapima mahali gari lilipo kila baada ya muda mfupi na kuhesabu mwendo wake. Ikiwa sheria ya kampuni ni 80 na shofa ameshikilia sindano kwenye 80 kwa uaminifu wote, kifaa kitaandika 85 au 86, na ofisini jina lake litaonekana kwenye orodha ya waliovuka mwendo. Akijitetea kwamba hakupita 80, atakuwa anasema alichokiona, na ofisi pia itakuwa inasema ilichokiona. Kabla ya kumwandikia onyo la pili, ni haki gari lenyewe lipimwe.

Mafuta yanayoonekana kupotea

Ndani ya tablo, namba za kilomita zinapata habari kutoka chanzo kilekile cha sindano. Kwa hiyo gari lenye mipira mikubwa linatembea kilomita 1000 lakini linaandika 932 tu.

Chukua mfano wa gari ambalo kampuni imelipangia litre 13 za mazutu kwa kila kilomita 100. Kwa mwezi limetembea kilomita 3000 za kweli na kutumia litre 390, sawasawa na mpango. Lakini kitabu cha gari kinaonyesha kilomita 2796. Mwenye hesabu ofisini anazidisha, anapata kwamba litre 363 na nusu zingetosha, na anauliza litre 26 na nusu zimekwenda wapi. Mwezi unaofuata anauliza tena. Katika nchi ambako mazutu huuzwa hadi kwenye vibidoni kandokando ya barabara, jibu la kwanza linalomjia mtu ni kwamba shofa anafyonza tanki.

Mipira mikubwa na mizito inaweza pia kuongeza matumizi yenyewe ya mafuta, kwa hiyo si kila litre inayozidi inatokana na kontere. Ndiyo sababu lazima kosa la kilomita litolewe kwanza kwenye hesabu. Likiisha kutolewa, kinachobaki ndicho kinachoweza kujadiliwa kwa haki.

Hesabu hiyohiyo inagusa utunzaji wa gari. Ikiwa mafuta ya injini hubadilishwa kila kilomita 5000 kwa kufuata tablo, gari lenye kosa hilo limekwisha kutembea karibu 5360 siku linapoingia garaji. Kwa anayekodisha gari lake kwa bei ya kilomita, hasara ni yake: kila kilomita 100 anazotembeza mteja, takriban 7 hazilipwi.

Ndani ya kontere

Kipima mwendo cha sindano kilichoenea duniani kilitokana na kazi ya Mjerumani Otto Schulze, aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1902. Namna kinavyofanya kazi bado inaonekana kwenye Land Cruiser na Land Rover za zamani zinazotembea Katanga na Kivu. Gia ndogo, mara nyingi ya plastiki, huzungushwa na shafti inayotoka kwenye sanduku la kugawa nguvu, lile lenye mkono wa kuweka 4x4. Gia hiyo inazungusha kebo nyembamba iliyo ndani ya bomba, na kebo inapanda hadi kwenye tablo. Huko inazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe, lakini inakivuta kwa nguvu ya umeme inayozaliwa ndani yake, na springi nyembamba kama unywele inakizuia. Kadiri sumaku inavyozunguka haraka, kikombe kinavuta springi zaidi na sindano inapanda. Kebo hiyohiyo inazungusha namba za kilomita kwa meno, bila sumaku.

Kwa sababu gia hiyo hukaa upande wa kutokea wa sanduku la kugawa nguvu, kuweka gari kwenye mwendo mzito wa matope hakuharibu usomaji. Gari likitambaa, sindano nayo inatambaa.

Kwenye magari ya baadaye, kebo iliondolewa. Mahali pake kuna kihisi kinachotuma mapigo ya umeme. Kwa kipimo cha Japani kinachotumika kwenye magari mengi ya kutoka huko, kebo ilizunguka mara 637 kwa kilomita moja, na kihisi kinachotoa mapigo 4 kwa kila mzunguko hutuma mapigo 2548 kwa kilomita. Kwenye magari mapya zaidi habari hutoka kwa vihisi vya breki za ABS kwenye magurudumu. Lakini kanuni ni ileile: kinachohesabiwa ni mizunguko, na ukubwa wa mpira hukisiwa.

Kupima kabla ya kugusa

Fundi anayeanza kufungua tablo kabla ya kupima anapoteza muda wa mteja wake. Kuna namna tatu za kupima, na mbili kati yake hazihitaji kifaa chochote cha bei.

Ya kwanza ni simu. Programu za kupima mwendo kwa GPS hufanya kazi hata mahali pasipo na intaneti, kwa sababu simu hupokea ishara za setilaiti moja kwa moja. Ichaguliwe sehemu ya barabara iliyonyoka na tambarare, mbali na miti mirefu na mabonde yenye kuta. Shofa ashikilie mwendo uleule kwa sekunde 10 au zaidi, kwa sababu namba ya simu huchelewa kidogo kufuata gari. Mtu mwingine ndiye asome simu na kuandika. Shofa abaki na macho barabarani.

Ya pili ni saa. Mahali ambapo nguzo za kilomita bado zimesimama, abiria anahesabu sekunde kutoka nguzo hadi nguzo, kisha anagawa 3600 kwa sekunde hizo. Sekunde 60 ni kilomita 60 kwa saa. Sekunde 45 ni 80. Sekunde 42 ni karibu 86. Kupima nguzo moja hakutoshi, kwani nyingine zilisogezwa wakati wa kutengeneza barabara. Kupima kilomita 5 au 10 mfululizo kunapunguza kosa.

Ya tatu inafanyika kwenye kiwanja cha garaji. Mpira unawekwa upepo wa kawaida, gari linabeba mzigo wake wa kawaida, na alama ya chaki inachorwa kwenye mpira na chini kwenye sementi. Gari linasukumwa polepole hadi alama izunguke mara 10, kisha urefu unapimwa kwa dekametre. Urefu huo ukigawanywa kwa 10 unatoa mwendo wa kweli wa mpira kwa mzunguko mmoja. Mpira wa akiba wa ukubwa wa zamani, kama bado upo, unafungwa na kupimwa namna ileile. Uwiano kati ya vipimo hivyo viwili ndio kosa lenyewe.

Upimaji wa barabarani ufanywe kwa mwendo wa aina tatu, kwa mfano 40, 60 na 80, na namba za kilomita zipimwe peke yake kwa umbali mrefu. Sindano na kilomita ni vitu viwili, na mara nyingi havikosei sawa.

Namba zinavyotaja ugonjwa

Kosa likiwa asilimia ileile kwa mwendo wowote, na kilomita nazo zikikosea kwa asilimia hiyohiyo, ugonjwa uko chini ya gari: mpira, difu au gia ya kebo. Tablo isiguswe.

Kosa likiwa namba ileile, kwa mfano 8 zaidi kwenye 40, kwenye 60 na kwenye 80, na kilomita zikiwa sahihi, basi sindano imekaa vibaya kwenye mhimili wake. Hutokea baada ya mtu kufungua tablo ili kubadilisha taa na kuirudisha bila uangalifu.

Sindano ikitetemeka au kurukaruka, hasa kwenye mwendo mdogo, kebo imekauka au bomba lake limekunjwa mahali fulani. Kebo hutolewa, husafishwa, hupakwa grisi kidogo au unga wa grafiti na kurudishwa bila kona kali. Grisi isipakwe nyingi sehemu ya juu, kwa sababu itapanda hadi kwenye kikombe na kuongeza ugonjwa mwingine.

Sindano na kilomita zikisimama pamoja, kebo imekatika au gia ya plastiki imeliwa meno. Kilomita zikitembea na sindano ikilala sifuri, kasoro iko kwenye sumaku, kikombe au springi.

Kuna hali moja inayowadanganya wengi. Gari lililotoka kiwandani sindano yake ikizidisha kidogo, kama kanuni inavyoruhusu, linaweza kuonekana limepona baada ya kuvalishwa mipira mikubwa. Chukua gari lililokuwa linaonyesha 80 likikimbia kweli 75. Kwa mpira ulioongeza asilimia 7, 80 ya sindano inakuwa 80 ya kweli. Shofa anapima kwa simu, anaona namba zinalingana, na anasema hakuna kosa. Lakini namba za kilomita, ambazo kwa kawaida ziko karibu zaidi na ukweli kuliko sindano, sasa zimepungukiwa asilimia 7. Mwendo uko sawa, na hesabu ya mafuta imeharibika. Ndiyo maana kupima sindano peke yake hakutoshi.

Njia za kusahihisha

Njia rahisi kuliko zote ni kurudi kwenye ukubwa wa mpira ulioandikwa na kiwanda. Kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa shofa, na pia kwenye kitabu cha gari. Kwa gari linalofanya kazi mjini na kwenye lami, mpira mkubwa mara nyingi hauna faida ya kulipa gharama yake.

Gari likihitaji kubaki na mipira hiyo, na likiwa la kebo, fundi anabadilisha gia ndogo inayozungusha kebo. Kanuni ni fupi: mpira umekuwa mkubwa, meno ya gia hiyo yapunguzwe. Gia yenye meno machache huzungushwa haraka zaidi. Kwa mfano wa asilimia 7, gia ya meno 30 ikibadilishwa na ya meno 28, mizunguko inaongezeka kwa asilimia 7 na kidogo, na kosa linakaribia kwisha. Watengenezaji wengi hutoa gia za meno tofauti kwa sanduku moja, kwa hiyo anayezitafuta kwenye maduka ya vipuri au kwenye magari yaliyokufa ahesabu meno kwa kidole, asiamini rangi ya plastiki. Gia inayoingia ipatane na nyumba yake. Ikikaa mbali itateleza, ikibanwa italiwa.

Pale ambapo gia inayofaa haipatikani, kuna kisanduku kidogo cha meno kinachofungwa kati ya kebo na gari, kinachoongeza au kupunguza mizunguko. Huagizwa kwa uwiano uliopimwa, ndiyo sababu hesabu ya chaki na dekametre ni muhimu. Uwiano ukikosewa, mteja amenunua kosa jipya.

Kwa magari ya mapigo ya umeme, kuna kifaa kidogo kinachoingizwa kwenye waya wa ishara na kuongeza au kupunguza mapigo kwa asilimia iliyowekwa. Hapa fundi awe na mchoro wa waya wa gari hilo. Ishara hiyohiyo inaweza kwenda kwenye kompyuta ya injini au kwenye gia za otomatiki, na waya ukikatwa mahali pasipofaa, gari linaweza kubadilisha gia ovyo. Waya wa vihisi vya ABS kwenye magurudumu usikatwe kwa ajili ya kusahihisha sindano, kwa sababu breki zinautegemea. Kwenye baadhi ya magari mapya, ukubwa wa mpira unaweza kuandikwa upya kwa kompyuta ya garaji bila kukata kitu.

Sindano iliyokaa vibaya hurudishwa na mwenye uzoefu wa tablo. Springi ya ndani ni dhaifu kuliko unywele wa saa, na anayeivuta kwa koleo anaharibu kontere nzima.

Yule ambaye hana uwezo wa lolote kati ya hayo kwa sasa bado anaweza kujilinda. Akishapima, anaandika karatasi ndogo na kuibandika kwenye tablo: sindano 40 ni ngapi za kweli, 60 ni ngapi, 80 ni ngapi. Na kila mwisho wa mwezi, kilomita za kitabu zinazidishwa kwa uwiano uliopimwa kabla ya kugawanya mafuta. Kwa mfano wa juu, 2796 zikizidishwa kwa 1,073 zinarudi kuwa 3000, na zile litre 26 zinaonekana hazikuibwa.

Yanayopaswa kuandikwa

Kusahihisha kipima mwendo si kurudisha kilomita nyuma. Fundi anabadilisha namna gari litakavyohesabu kuanzia siku hiyo, lakini jumla iliyokwisha kuandikwa haiguswi. Anayetumia nafasi hiyo kupunguza kilomita ili gari liuzwe kwa bei nzuri anamwibia mnunuzi, ambaye atapitisha muda wa kubadilisha mkanda wa injini akidhani bado uko mbali.

Kwa sababu hiyo, kitabu cha gari kinapaswa kupata mistari michache siku ya kazi: tarehe, kilomita zilizokuwa kwenye tablo, ukubwa wa mpira wa zamani na wa mpya, kosa lililopimwa, kitu kilichobadilishwa, na matokeo ya kupima tena barabarani. Nakala iende kwa mwenye hesabu ya mafuta na kwa ofisi inayosoma kifaa cha setilaiti. Shofa asaini pamoja na fundi.

Upimaji urudiwe kila mipira inapobadilishwa na kila difu au sanduku la gia linapofunguliwa. Kwa garaji yenye kiwanja cha sementi na dekametre, ni kazi ya nusu saa. Na kwa kampuni inayotaka kumfukuza shofa kwa ajili ya mafuta, nusu saa hiyo inapaswa kuja kabla ya barua.